Mstari Uliokosekana

Yuria unaijua: ile mbolea nyeupe ya punje punje ambayo shangazi kule ushago huyatilia mahindi yakifika magotini. Kloridi ya kolini huenda huijui kwa jina, lakini kuku wanaijua, kwa sababu huongezwa kwenye chakula chao. Yuria huyeyuka kwa nyuzi 133, kloridi ya kolini kwa nyuzi 302. Sasa chukua moli moja ya kolini na moli mbili za yuria, pasha moto kiasi, koroga. Unapata kimiminika kizito, angavu kama kioo, na kikipoa hakirudi kuwa unga. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, waliripoti kwamba mchanganyiko huo huganda ukifika nyuzi 12 hivi.

Tangu hapo, ukiuliza kwa nini, unapewa jibu moja: bondi ya hidrojeni. Swali langu ni dogo tu. Nani ameiona?

Kwanza tupitie jina. Mwaka 1884 Mwingereza Frederick Guthrie aliunda neno yutektiki kutoka Kigiriki, yaani kinachoyeyuka kwa urahisi. Fundi wa simu pale Luthuli Avenue ameizoea: bati huyeyuka kwa nyuzi 232, risasi kwa 327, lakini solda ya hivyo viwili huyeyuka kwa 183. Mchanganyiko kuyeyuka mapema kuliko wazazi wake si ajabu. Ajabu ya Leicester ilikuwa umbali wa kushuka, ndiyo maana vimiminika hivi vikaitwa viyeyushi vya yutektiki ya kina.

Wazo la bondi ya hidrojeni lilikuwa na umri mkubwa tayari. Mwaka 1920 Wendell Latimer na Worth Rodebush wa Berkeley, California, walilitumia kueleza tabia za maji. Makala yao ina tanbihi inayomtaja kijana wa maabara hiyo hiyo, Maurice Huggins, aliyekuwa ameligusia katika kazi ya darasani. Huggins hakuridhika na tanbihi. Alidai wazo ni lake miaka nenda miaka rudi. Namwelewa kabisa. Ila wote watatu walikuwa na penseli na karatasi tu. Hidrojeni moja kushikwa na atomu mbili ulikuwa mchoro mzuri, basi.

Ushahidi wa mwanga ulitoka mahali ambapo hungefikiria kutafuta: kwa watu wa mbolea. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa imerithi maabara mjini Washington, iliyoanzishwa 1919 kutafuta namna ya kunasa nitrojeni ya hewani kwa ajili ya mbolea na baruti. Huko Guido Hilbert, Oliver Wulf, Sterling Hendricks na Urner Liddel walikuwa wakipitisha infraredi ndani ya kemikali mbalimbali. Huo ndio mwanga usioonekana ambao William Herschel aliugundua kwa kipimajoto mwaka 1800.

Mambo huenda hivi. Oksijeni na hidrojeni zilizoungana hutetemeka kama vitu viwili kwenye springi, na hunyonya mwanga unaolingana na mdundo wao tu. Kwenye mchoro wa mashine mdundo huo hutokea kama mstari mkali, kila mara karibu pale pale. Hawa wanne walikuta kemikali ambazo kwa fomula lazima ziwe na O-H, lakini mstari haupo. Umepotea. Maelezo yao, 1935 na 1936: hidrojeni ipo, ila oksijeni ya jirani imeishika, mdundo umepungua kasi, na mstari umehama na kutawanyika hadi huuoni pale ulipouzoea. Bondi ilijulikana kwa pengo. Linus Pauling alilidaka jambo hilo upesi, na kitabu chake cha 1939 kuhusu bondi za kemia kikalisambaza mbali.

Turudi kwa yuria, ambayo nayo ni mbolea ya nitrojeni; historia ina utani wake. Ukiupima mchanganyiko wa Leicester kwa infraredi, unapata kilima kipana mahali ambapo O-H ya kolini na N-H za yuria hukaa pamoja. Mistari imehama, imetawanyika, kwa hivyo bondi zipo. Sawa. Lakini nani kamshika nani? Kolini na kloridi? Yuria na kloridi? Yuria na yuria mwenzake? Ni kama kukaa kwenye matatu iliyojaa jioni: unasikia watu wanaongea, hujui nani anamwambia nani.

Abbott mwenyewe hakutegemea infraredi. Timu yake iliweka floridi mahali pa kloridi, kwa kuwa floridi husikika vizuri kwenye mashine ya NMR, ikaonyesha floridi ikikaa karibu na hidrojeni za yuria. Ushahidi mzuri, ila wa binamu. Kimiminika chenyewe kilisubiri hadi 2016, Oliver Hammond, Daniel Bowron na Karen Edler walipokipiga nyutroni, wakibadilisha hidrojeni za hapa na pale kwa deuteri, ambayo nyutroni huiona tofauti kabisa. Hapo sauti zikaanza kutengana. Mwaka huo huo hesabu kutoka Imperial College London zilionyesha bondi za aina nyingi, zenye nguvu zinazokaribiana. Hakuna bosi mmoja kwenye hiyo matatu.

Kisha 2019 kundi la João Coutinho, Aveiro, Ureno, likauliza swali ambalo naona lilichelewa: kama bondi ya hidrojeni iko karibu kila mahali, kuwepo kwake kunathibitisha nini? Kwao, mchanganyiko unastahili kuitwa wa kina pale tu unapoyeyuka chini ya kiwango ambacho hesabu ya mchanganyiko wa kawaida inatabiri. Kwa kipimo hicho, vingi vilivyopewa jina hilo vinaanguka.

Hata ile 12 ina mgogoro. Kimiminika hiki hunyonya unyevu wa hewa. Waliokikausha kwa makini walipata namba ya juu zaidi. Na maji, unakumbuka, yana O-H yake, inayokaa papo hapo kwenye kile kilima. Kwa hivyo nikiona mchoro maridadi wa infraredi wa viyeyushi hivi, kabla ya kusoma hitimisho natafuta kwanza sampuli ilikuwa na maji kiasi gani. Namba hiyo isipokuwepo, nafunga hiyo makala.