Moto ulijenga, maji yanabomoa: habari za inchi ya Goma na Masisi

Wakristu wetu hutuuliza mara kwa mara: Kwa nini mlima uliwaangukia wachimbaji wa Rubaya? Nani aliwaroga? Swali hili si la kuchekwa. Katekista anayefika kwenye kilio hawezi kunyamaza, na jibu moja liko katika historia ya udongo wenyewe. Ndiyo historia tunayotaka kueleza hapa kwa kifupi.

Tuanze na Goma. Mji huu unakaa kandokando ya ziwa Kivu, metri 1.460 juu ya bahari, na inchi yake ni changa. Zamani sana ziwa hili halikuwa hivi tunavyoliona. Maji ya bonde yalishuka kaskazini, upande wa Rutshuru na ziwa Edward. Halafu volkano za Virunga zikatokea, zikamwaga moto na mawe, zikafunga bonde kama mtu anayejenga kizuizi mtoni. Maji yakakosa njia, yakajaa, yakapanda. Karibu miaka 10.000 iliyopita yalipata mlango upande wa kusini, na tangu hapo Ruzizi unayapeleka katika ziwa Tanganyika. Basi moto ndio uliogeuza njia ya maji.

Kazi hiyo ya moto haijaisha. Kati ya mwaka 1938 na 1940 moto wa Nyamulagira ulishuka mpaka ziwani karibu na Sake. Nyiragongo, mlima wa metri 3.470, ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukaharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Wazee walisema kwamba mizimu inakaa ndani ya mlima ule. Sisi tunajua kwamba chini yake ardhi inapasuka na kuachana polepole, na moto unapanda katika nyufa hizo. Mawe yale meusi yana matundu mengi: mvua inanyesha, maji yanazama mara moja. Ndiyo sababu Goma haina mito, na watu wanateka maji ziwani.

Sasa tutoke Goma, tupite Sake, tupande milima ya Masisi. Rubaya ni mbali kilometri kama 60 tu, lakini hapo tumeingia katika inchi nyingine. Mawe meusi yamekwisha. Tunaona udongo mwekundu mzito, vilima vya duara, na mito kila bondeni. Inchi hii ni mzee sana. Karibu miaka milioni 1.000 iliyopita mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini, lakini hayakufika juu. Yalipoa ndani ya ardhi. Mabaki ya mwisho, yenye maji mengi, yaliingia katika nyufa za mawe mengine yakagandamana humo. Katika mishipa hiyo ndimo zinamopatikana kasiterite, inayotoa bati, na koltani, inayotoa tantali ya simu na mashine nyingi.

Mishipa ile ilizikwa chini sana. Nani aliifunua? Ni mvua. Ardhi iliinuka kandokando ya bonde kubwa, na maji yakaila milima polepole, miaka elfu kwa elfu, mpaka mishipa ikatokea juu. Tena maji ya mvua yakaingia ndani ya mawe yale, yakaozesha sehemu kubwa, yakaigeuza kuwa udongo mweupe laini. Koltani haiozi, nayo ni nzito. Kwa hiyo mvua ilipouchukua udongo, koltani ilibaki chini ya vijito pamoja na mchanga. Mtu anaweza kuifuata toka kijitoni mpaka mlimani, na kuichimba kwa jembe na chepe pasipo mashine yoyote.

Ndugu wasomaji, angalieni vizuri neno hili, kwa sababu jibu letu liko hapa. Kile kinachomsaidia mchimbaji ndicho kinachomwua. Kama jiwe lingekuwa gumu, asingeweza kulichimba kwa mkono. Lakini kwa kuwa limeoza, haliwezi kusimama likichimbwa chini. Mvua ikinyesha siku nyingi, udongo ule unakunywa maji, unakuwa mzito, unateleza. Zamani mizizi ya miti iliushika. Lakini tangu wakati wa Wabelgiji misitu mingi ilikatwa kwa mashamba na malisho ya ng’ombe, halafu kwa makala. Vita navyo vilisukuma watu wengi kutafuta chakula chao mashimoni.

Wala hatari hii si ya machimbo peke yake. Tarehe 4 Mei 2023, upande wa Kalehe, kando ya ziwa Kivu, mvua ilishusha matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Walikufa watu zaidi ya 400. Mvua kubwa, mteremko mkali na nyumba zilizojengwa bondeni zilitosha kuleta msiba ule.

Tukijua hayo, tutasema nini kwenye kilio? Kwanza, tusikubali mama mzee yeyote ashitakiwe uchawi kwa sababu ya shimo lililoanguka. Amekwisha kufa mtu mmoja, tusiue wa pili. Pili, tusiseme tu kwamba ni mapenzi ya Mungu, halafu kesho vijana warudi kuchimba chini ya ukuta uliolowa. Tuwafundishe alama: ufa unaofunguka juu ya kilima, miti inayoinama, chemchemi inayogeuka matope. Anayeziona aondoke na kuwaita wenzake. Tena tupande miti juu ya miteremko ya misioni zetu, ili watu waone kwa macho. Mvua itaendelea na kazi yake ya zamani. Sisi tunaweza kuwaondoa watu njiani mwake.