Mary Arden, mama mzazi wa Shakespeare, na urithi uliopotea

Wengi wenu mnaikumbuka Mabepari wa Venisi, tamthilia ya William Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Ni kisa cha deni, dhamana na mahakama. Mambo hayo mtunzi wake aliyashuhudia nyumbani kwao tangu ujana, kwani urithi wa mama yake ulipotea kwa njia hiyo. Makala yetu ya leo inamhusu mama huyo, Mary Arden.

Mary alizaliwa katika kijiji cha Wilmcote, karibu na mji wa Stratford-upon-Avon, katikati ya Uingereza. Alikuwa kitinda mimba miongoni mwa mabinti wanane wa Robert Arden, mkulima mwenye uwezo aliyebeba jina la mojawapo ya koo kongwe za jimbo la Warwickshire. Katika wosia wake wa Novemba 1556, mzee Arden alimwachia Mary shamba lililoitwa Asbies pamoja na mazao yaliyokuwamo, na fedha pauni 6, shilingi 13 na peni 4. Aidha alimteua, yeye na dada yake Alice, kuwa wasimamizi wa mirathi. Kwa binti wa mwisho ambaye hajaolewa, hiyo ilikuwa ishara ya kuaminiwa sana.

Muda si mrefu Mary aliolewa na John Shakespeare, mshona glavu wa Stratford. Baba yake John alikuwa mpangaji katika ardhi ya mzee Arden, hivyo mtoto wa mpangaji akamwoa binti wa mwenye ardhi. Walijaliwa watoto wanane, lakini wawili wa kwanza, wote wasichana, walifariki wakiwa wadogo. William alibatizwa Aprili 1564. Miezi michache baadaye tauni iliingia Stratford na kuua watu zaidi ya 200, lakini kichanga huyo alinusurika.

Mwaka 1568 John alishika cheo cha juu kabisa katika baraza la mji. Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Sheria ya zama hizo ilimpa mume mamlaka ya kusimamia ardhi ya mkewe, na mwaka 1578 nyumba na ekari zipatazo 56 za Wilmcote ziliwekwa rehani kwa pauni 40. Aliyetoa fedha hizo ni Edmund Lambert, mume wa dada yake Mary.

Muda wa kulipa ulipowadia mwaka 1580, Lambert alikataa kuirejesha ardhi, akidai kuna madeni mengine ya kulipwa kwanza. Alipofariki mwaka 1587, mwanawe aliendelea kuishikilia. Familia ilifungua shauri London mwaka 1588, na humo jina la William limetajwa pamoja na wazazi wake. Walirudi mahakamani mwaka 1597. Ardhi haikurejea.

Mwaka huo huo wa 1597, William, ambaye sasa alikuwa na fedha za tamthilia, alinunua nyumba kubwa mjini Stratford. Mwaka 1602 akanunua ekari 107 kwa pauni 320. Lakini urithi wa mama yake ulibaki mikononi mwa jamaa.

Mary alifiwa na mumewe mwaka 1601, naye akazikwa Stratford tarehe 9 Septemba 1608. Katika hati ya mwaka 1579 ya kuuza sehemu nyingine ya urithi wake, aliweka alama badala ya kuandika jina. Hata nyumba yake ilikosewa: tangu mwishoni mwa karne ya 18 wageni walionyeshwa nyumba ya jirani, Adam Palmer, hadi mwaka 2000 uchunguzi wa nyaraka ulipobainisha kwamba kina Arden waliishi katika nyumba ya pili yake.

Barua yake hatunayo, wala picha yake. Tulichonacho ni wosia, rehani na kesi. Ni kwa karatasi hizo za ardhi, ardhi ambayo hakuipata tena, ndipo tunamjua leo.