Kambi ya Jinja, kutoka ngome hadi chuo

Historia ya kambi ya jeshi ya Jinja inaanzia nje ya Jinja, huko Bukaleba, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, ilikokuwa ngome ya chifu Luba. Oktoba 1897 askari wa Kisudani walioilinda Uganda kwa niaba ya Waingereza, ambao tayari walikuwa wameasi, waliiteka ngome hiyo. Walikuwa wamechoshwa na safari za vita zisizokwisha na mshahara mdogo, uliochelewa na mara nyingi kulipwa kwa nguo badala ya fedha. Meja Thruston, ofisa wao Mwingereza, aliwaendea akiamini kwamba watamsikiliza. Walimkamata, kisha wakamuua pamoja na Waingereza wenzake, Wilson na Scott. Kuzingirwa kwa ngome kuliendelea hadi Januari 1898, waasi walipotoroka kwa kuvuka maji. Baadaye malale yaliua watu wengi sana pwani hiyo, serikali ikawahamisha waliosalia, na Bukaleba ikaachiwa msitu. Wanaoadhimisha majengo ya kijeshi ya mashariki mwa Uganda hupenda kuyaeleza kama kinga dhidi ya adui wa mpakani. Ushahidi unanielekeza kwingine. Ukiacha mwaka 1979, majengo haya yametikiswa na watu waliolala ndani yake, na mara nyingi yalipobadilishwa matumizi, sababu ilitokana na namna askari alivyotendewa.

Mtu anaweza kupinga kwamba ngome ya Luba na kambi ya Jinja ni taasisi mbili, zenye ardhi na askari tofauti. Ardhi ni tofauti, kweli, lakini jeshi ni lile lile. Jeshi la Uganda Rifles la 1895 liliingizwa katika King's African Rifles mwaka 1902. Kikosi chake cha 4 ndicho kilichokuja kuwa na makao Jinja, na mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, kikarudishiwa jina la Uganda Rifles. Manung'uniko nayo yalirithiwa. Tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya wenzao wa Tanganyika kuasi, askari wa Jinja walidai nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Waziri Felix Onama alipofika kuwatuliza, walimzuia kambini mpaka akakubali madai yao. Waziri Mkuu Obote aliomba msaada wa Uingereza, na alfajiri ya tarehe 25 askari wa Kiingereza kutoka Kenya waliizingira kambi na kuwanyang'anya silaha waasi bila vita. Hata hivyo nyongeza ilibaki. Kilichofuata ni kizito zaidi: maofisa Waafrika walipandishwa vyeo upesi, akiwemo Idi Amin, aliyekabidhiwa amri ya kikosi hicho hicho. Tangu hapo kambi iliyojengwa kutii serikali ilijua kwamba inaweza kuishurutisha.

Mbale, nayo mashariki mwa Uganda, inaonyesha kwamba mambo yangeweza kwenda njia nyingine. Jemadari Mganda Semei Kakungulu alijenga ngome Budaka mwaka 1901, na serikali ilipoitwaa akapewa maili 20 za mraba Mbale. Wafuasi wake hawakuwa watu wa mshahara. Waliishi kwa ardhi. Wakapanda migomba, wakachonga barabara, wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata, na boma likawa mji. Haifai kulipamba jambo hili, kwa sababu ardhi ile ilichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wenyeji, na Wagisu wana haki ya kulikumbuka kwa uchungu. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye shamba nje ya ukuta alikuwa na sababu ya kuuacha ukuta uanguke, ilhali askari wa Jinja hakuwa na maisha nje ya kambi.

Amin alipotwaa nchi, kambi ikapewa jina la Gaddafi, ambalo ingali nalo. Julai 1971 askari Waacholi na Walango waliuawa humo humo, mikononi mwa wenzao waliovaa sare moja nao. Aprili 1979, baada ya Kampala kuanguka, majeshi ya Tanzania yaliuchukua mji wa Jinja pamoja na bwawa la Owen Falls. Leo kambi ya Gaddafi ina chuo cha maofisa wa ngazi ya chini, na Kimaka, mji huo huo, kuna chuo cha makamanda wakuu. Wapo wanaoona kwamba darasa katika kambi ya namna hiyo ni rangi mpya juu ya damu, na kwamba eneo lote lingefaa kuwa makumbusho. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali. Makumbusho yangewafikia wageni. Darasa linamfikia yule atakayepewa askari wa kuongoza, mishahara ya kusimamia na amri za kutii au kukataa. Sharti langu ni moja: Bukaleba, Januari 1964 na Julai 1971 viwe somo la lazima humo, na waliouawa 1971 watajwe kwa majina yao, kwa heshima ile ile wanayopewa maofisa waliofia vitani.