Mali kauli na udugu: safari za biashara za Hamed bin Muhammed kutoka Unguja hadi Kasongo

Wanafunzi wetu wanaokaribia kumaliza masomo huambiwa mara nyingi kwamba kazi na biashara hupatikana kwa kujuana, na kwamba asiyejua aendako hafiki. Maneno hayo husemwa kana kwamba ni elimu mpya. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ni mambo ya kale katika nchi yetu, na kwamba sehemu ya historia yake imeandikwa kwa Kiswahili. Shahidi wetu ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja karibu na mwaka 1837 na kufariki huko huko mwaka 1905. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin kuanzia mwaka 1902, na François Bontinck akayafasiri kwa Kifaransa mwaka 1974.

Wengi humkumbuka kwa bunduki na minyororo. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, nasi hatukusudii kuifuta. Lakini bunduki zilipatikana kwa mali, na mali ilipatikana kwa watu. Basi swali letu ni hili: mtu aliyeanza na mizigo michache ya sandarusi alipataje kuzishika njia za pembe kutoka Lualaba hadi pwani, na kwa nini kazi hiyo ya miaka mingi ikavunjika kwa muda mfupi?

1. Mkopo juu ya neno

Kwa maelezo yake mwenyewe, alianza safari ndogo za sandarusi akiwa na umri wa miaka 12. Alipofika miaka 18 alifuatana na baba yake, Muhammed bin Juma, mpaka bara, akavuka ziwa Tanganyika. Baadaye akataka kusafiri kwa jina lake. Lakini msafara ulihitaji nguo, shanga, baruti na ujira wa wapagazi, na hivyo vyote vilitakiwa kabla ya kupatikana pembe hata moja. Mali ilitoka kwa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, na aliyekuja kuwa tegemeo lake kuu ni Taria Topan, tajiri wa Kiismailia aliyezaliwa Kutch. Biashara ya namna hii iliitwa mali kauli: mtu hupewa bidhaa kwa kauli yake, naye hulipa arudipo. Dhamana yake ilikuwa sifa yake.

Sifa hiyo haikujengwa kwa uaminifu peke yake. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akachukua pembe nyingi mno. Livingstone alikutana naye mwaka huo huo. Kwa watu wa Itabwa jambo hilo lilikuwa msiba. Kwa wakopeshaji wa Unguja lilikuwa pembe zilizofika bandarini, wala daftari la mdai haliulizi pembe zimepatikanaje.

2. Udugu wa njiani

Kauli ya Unguja haikutosha huko bara. Huko ilitakiwa jamaa. Baba yake alikuwa ameoa Unyanyembe, akimchukua Karunde, binti wa mtemi Fundikira, na kwa ndoa hiyo familia ikapata kikao katika njia kuu. Wapagazi nao walikuwa na njia yao ya kujuana, yaani utani uliounganisha Wanyamwezi na makabila ya kuelekea pwani: mtani alistahili kupokewa, kulishwa, na kuzikwa akifa ugenini. Hata kwa Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871, Hamed alitafuta mapatano, wakapatana alipopita mwaka 1882.

Mfano ulio mkubwa kupita yote ni wa Utetera. Katika kitabu chake Hamed asimulia jinsi alivyomwendea mtawala mzee Kasongo Rushie na kudai kwamba bibi yake alikuwa dada wa mtawala huyo, aliyetekwa na kupelekwa mbali. Mzee akamkubali na kumkabidhi nchi. Msomaji atauliza kama nasaba hiyo ilikuwa ya kweli. Kwa historia ya biashara, jambo la kutazama ni kwamba pande zote mbili zilifaidika kuikubali: mgeni alipata haki ya kukaa na kukusanya pembe, na mwenyeji alipata mlinzi.

3. Kusudi lenye kipimo

Hamed hakuwa mtu wa kutangatanga. Kila safari ilifungwa na deni lenye hesabu, na kwa hiyo kusudi lake lilikuwa na kiasi na mahali. Wafanyabiashara wengi walikuwa wakienda Nyangwe; yeye alipitia Utetera, ambako pembe zilikuwa rahisi, ndipo akafanya makao yake Kasongo katika Manyema, karibu na mwaka 1875. Mwaka uliofuata alipatana na Stanley amsindikize mwendo wa vituo 60 kwa dola 5,000. Walipoona taabu ya mwitu, mapatano yakarekebishwa, nao wakaachana Desemba 1876. Alijua kuweka mpaka wa kazi, na alijua kurudi nyuma.

4. Kuvunjika

Mwaka 1887, baada ya mataifa ya Ulaya kukutana Berlin, Hamed alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1890 aliondoka Kongo asirudi tena. Vita vilipoanza mwaka 1892, Ngongo Lutete, aliyekuwa mkuu wa majeshi upande wa Waarabu, alihamia upande wa Dola Huru. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili. Sefu, mwana wa Hamed, aliuawa mwaka huo huo.

Kwa maoni yetu, sababu haikuwa mizinga peke yake. Uhusiano wa Hamed ulikuwa wa namna mbili. Kwa Taria Topan, kwa Mirambo, kwa Kasongo Rushie, ulikuwa mapatano: kila mmoja aliweza kukataa, na kila mmoja alikuwa na faida yake. Kwa wale waliotekwa, waliobebeshwa pembe na kuuzwa, haukuwa mapatano hata kidogo. Na kati ya hao wawili walisimama watu kama Ngongo Lutete, waliotii maadamu walimwogopa bwana wao. Alipotokea bwana mwenye nguvu zaidi, hapakuwa na kauli ya kuwazuia. Naye Ngongo Lutete hakupata usalama kwa kuhama, maana maofisa wa Dola walimwua Septemba 1893.

5. Kilichobaki

Ghala za Kasongo zimekwisha, na madeni ya Unguja yamefutwa na kifo. Kilichobaki ni lugha. Kingwana kinachosemwa Manyema na kuendelea hadi Kisangani kilipita njia zile zile, midomoni mwa wapagazi, wake, askari na watumwa, ambao majina yao hayamo katika kitabu cha Hamed. Wao ndio waliojenga ujamaa uliodumu kuliko biashara yenyewe.

Mwanafunzi anayetafuta kazi leo ana haki ya kutafuta watu na kuweka kusudi lenye kipimo, naye atajifunza mengi kwa Hamed: kutunza kauli, kuheshimu mwenyeji, kujua hesabu ya deni lake. Lakini kabla hajajisifu kwa watu anaowajua, na atazame chini yake pia, aulize ni nani aliyebeba mzigo, na kama mtu huyo angeweza kukataa.