Nyota na taji za maofisa wa Keya: ufundi wake na namna ya kuzitambua

Askari wa Kitui na Makueni waliotumikia King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902 na kuitwa Keya na wenyeji, walirudi nyumbani na tepe za sajini, si nyota za ofisa. Wakamba walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi zaidi nchini, lakini kwa zaidi ya nusu karne nyota na taji zilikaa mabegani mwa Wazungu. Cheo cha effendi, kilichoanzishwa 1956, kilikuwa ngazi ya katikati tu. Uofisa kamili ulianza kutolewa kwa Waafrika mwaka 1961. Mwaka 1966 Joseph Ndolo, Mkamba, akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Nchi Kavu.

Luteni wa pili huvaa nyota moja, luteni mbili, kapteni tatu. Meja alivaa taji. Zile za sare za kazi zilikuwa za shaba ya manjano: bamba hubanwa kwa nguvu baina ya mihuri miwili ya chuma cha pua, kisha vishikizo hulehemiwa mgongoni.

Za sare za sherehe ni kazi nyingine kabisa. Kinachoitwa uzi wa dhahabu aghalabu ni waya wa fedha uliopakwa dhahabu, ukasokotwa mithili ya springi nyembamba na kukatwa vipande vidogo. Kila kipande hutungwa kwa sindano kama ushanga na kushonwa juu ya umbo lililotuna. Fundi wa Ukambani asingeushangaa waya huo. Mswidi Gerhard Lindblom, katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu Wakamba, alieleza jinsi wahunzi wao walivyovuta waya na kusuka mikufu myembamba ya shaba. Ustadi ulikuwapo, cheo ndicho kilichonyimwa.

Anayekuta nembo sandukuni mwa babu aanze na taji. Matao yakiinuka kwa duara, ni ya enzi za wafalme, kabla ya Elizabeth kutawazwa. Yakibonyea katikati, ni ya baada ya hapo. Nembo bandia, ambayo mara nyingi humiminwa kwenye kalibu, huwa na vitundu vidogo na michoro iliyofifia. Isisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha, kwani kila msuguo hula mistari ya muhuri, na kwa waya uliopakwa dhahabu hubakiza fedha tupu.

Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Nembo za Keya hazimo, isipokuwa waziri atangaze vinginevyo. Kwa hiyo hatima yake imo mikononi mwa familia, na mnunuzi wa vyuma chakavu hulipia uzito tu. Kabla ya kuuza chochote, jina la mwenyewe, namba yake ya jeshi na miaka aliyotumikia iandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na nembo.