"Suicide" na "kujiua": neno lililofika na sheria yake

Neno "suicide", ambalo Wafaransa na Waingereza huliandika kwa herufi zile zile na kulitamka kila mmoja kwa namna yake, liliingia Lubumbashi kwa mlango wa Kifaransa, lugha ya utawala wa Kibelgiji ulioanzisha mji huo mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ilhali Nairobi na Dar es Salaam zililipokea kwa Kiingereza. Na tofauti hiyo ya milango ndiyo iliyoamua kama aliyejaribu kujiua akanusurika atapelekwa kwa mganga au kwa hakimu.

Asili yake ni Kilatini: "sui", yaani nafsi ya mtu mwenyewe, na "caedere", yaani kuua. Hata hivyo Warumi wa kale hawakulitumia, kwa kuwa wao walisema "kifo cha hiari". Katika Kiingereza linaonekana kwa tabibu Thomas Browne, katika kitabu chake Religio Medici cha mwaka 1643, na halikupendwa na wote, kwani Edward Phillips, mtunga kamusi wa karne hiyo, alilikejeli akisema kwamba lingefaa zaidi kutokana na "sus", neno la Kilatini la nguruwe, na kejeli hiyo haikukosa msingi wa sarufi.

Kabla ya hapo wanasheria wa Uingereza walisema "felo de se", maana yake mhalifu dhidi ya nafsi yake, na jina hilo lilikuwa hukumu tayari: mali ya marehemu ilitwaliwa na Mfalme, na mwili ukazikwa njia panda, desturi iliyokomeshwa na Bunge mwaka 1823. Mabaki ya mtazamo huo yamo hadi leo katika kitenzi "commit", ambacho Waingereza hukitumia pia kwa wizi na uuaji, na ambacho waandishi wengi wa habari sasa wanakiepuka. Jaribio la kujiua liliacha kuwa kosa Uingereza mwaka 1961, lakini sheria ilikuwa imekwisha kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki.

Wafaransa walishika njia nyingine, kwa kuwa kanuni yao ya adhabu ya mwaka 1791 ilinyamaza kabisa juu ya jambo hilo. Ukimya huo ulirithiwa na Ubelgiji, kisha na Kongo, ambayo kanuni yake ya Januari 30, 1940 haiwataji walionusurika miongoni mwa wakosaji.

Kiswahili, kwa upande wake, hakikuhitaji neno la kuazima. Katika "kujiua" kiambishi "-ji-" humrudishia mtenda tendo lake, kama katika "kujikata" au "kujifunza", bila kumshitaki. Tena hufanya hivyo kwa uchumi zaidi kuliko Kifaransa, ambacho katika "se suicider" huitaja nafsi mara mbili. Lawama, basi, haikutoka katika kitenzi bali katika vifungu vya sheria vilivyokuja na Kiingereza.

Kimoja kati ya hivyo, kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu ya Kenya, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kilitangazwa na Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Lubumbashi hapakuwa na kifungu cha kufuta.