Ugomvi wa msikitini uliozaa vita vya Cabo Delgado

Alfajiri ya Oktoba 5, 2017, vijana wapatao 30 walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji. Wenyeji hawakuwa na haja ya kuuliza wametoka wapi. Baadhi yao waliwafahamu kwa sura na kwa ukoo. Waliwaita mashababi, jina ambalo limewaganda hadi leo, ingawa kundi hilo si tawi la Al-Shabaab ya Somalia.

Maputo ilisema ni wahalifu, kisha ikasema ni mkono wa nje. Masheikh wa mkoa wa Cabo Delgado walijua zaidi. Mwanahistoria Eric Morier-Genoud amefuatilia chanzo cha kundi hilo hadi mwaka 2007, wilayani Balama, mbali kabisa na bahari. Huko vijana wachache walianza kuingia msikitini na viatu vyao, wengine wakiwa na visu, na kuwaambia wazee kwamba Uislamu wao umeoza. Waliwakataza watu kupeleka watoto shule za serikali, wakakataa mahakama na hospitali. Walipofukuzwa walijenga misikiti yao. Waliowapinga kwanza, basi, ni Waislamu wenzao, ambao waliwapelekea habari wakuu wa serikali mara kadhaa. Hapa na pale watu walikamatwa na msikiti ukafungwa. Zaidi ya hapo, shauri hilo lilionekana ni ugomvi wa waumini wamalizane wenyewe.

Mkono wa nje ulikuwepo, lakini kwa sehemu kubwa ulizungumza Kiswahili. Mawaidha ya Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa aliyeuawa kwa risasi mwezi Agosti 2012, yalisikilizwa hadi kusini ya Mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Kimwani, lugha ya pwani ile, na Kiswahili ni ndugu wa karibu. Kisha kukawa na Kibiti. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa huko mkoani Pwani, baada ya mfululizo wa mauaji ya viongozi wa vijiji, na dola ya Tanzania ilipobana, baadhi ya wahusika walivuka mpaka. Walifika mahali ambapo kuni zilikuwa zimeshakauka.

Cabo Delgado ndiko harakati ya ukombozi ya FRELIMO ilikofyatua risasi ya kwanza dhidi ya Wareno, mwaka 1964 huko Chai. Baada ya uhuru, malipo ya wapigania uhuru yaliwaendea zaidi Wamakonde wa uwanda wa Mueda, wengi wao Wakatoliki, na wakubwa kadhaa wa chama na jeshi wakatoka huko. Wamwani wa pwani, Waislamu, walijiona watazamaji. Rubi ya Montepuez ilipogunduliwa mwaka 2009, wachimbaji wadogo walimiminika, kisha mapema 2017 wakatimuliwa kwa nguvu. Karibu na Palma, gesi ya baharini ilileta mradi wa dola bilioni 20, na wanavijiji wa Afungi wakahamishwa kupisha mitambo. Wapo wanaosema gesi ndiyo iliyoleta vita. Sikubaliani nao, kwa sababu wale vijana wa Balama walianza kabla haijagunduliwa. Gesi na rubi zilirahisisha kazi ya kuwapata wafuasi.

Mwaka 2019 kundi lilijiunga na Dola la Kiislamu. Agosti 2020 liliteka Mocímboa na kuishikilia kwa mwaka mzima. Oktoba mwaka huohuo wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Watu walikimbilia porini na ufukweni, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi. Vita hivyo viliwahi kuwaacha bila makao watu karibu milioni 1, na wengi walifika Pemba, mji mkuu wa mkoa huo, kwa majahazi, wakiteremka katika ufukwe wa Paquitequete.

Wanajeshi wa Rwanda waliingia Julai 2021, na mwezi uliofuata Mocímboa ikakombolewa. Kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nacho kilikuja, kikaondoka Julai 2024. Miezi miwili kabla ya hapo wapiganaji walikuwa wameingia mji wa Macomia alfajiri, wakabeba vyakula vya mashirika ya misaada na kurudi msituni.